Kitabu cha mapishi kizuri huanzia kwenye uteo

KATIKA nyumba nyingi za mjini kuna kitabu cha mapishi ambacho hakijawahi kuingia jikoni. Kililetwa kama zawadi ya arusi, kina karatasi nzito zinazong'aa na picha za keki, na hukaa sebuleni kando ya albamu za picha. Wageni hukipekua wakisubiri chai. Jikoni kwenyewe watu hupika kwa kukisia, au kwa kumpigia simu mama aliye mashambani.

Jambo hili linahusu afya kuliko linavyoonekana. Kila siku wakazi wa mijini huambiwa na madaktari warudie vyakula vya asili, wapunguze mafuta na chumvi, waongeze mboga, kunde na nafaka ambazo hazijakobolewa hadi zikaisha nguvu. Wengi hukubali, kisha hurudi nyumbani na kupika kama jana. Si ukaidi. Kati ya daktari na sufuria panahitajika mtu wa kusema: chukua hiki, kiasi hiki, anza na hili, ngoja muda huu. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha mapishi. Kikiifanya vyema hupendwa, hurukiwa na mafuta na hung'oka jalada. Kikishindwa hubaki sebuleni na albamu.

Leo basi, msomaji, tujifunze namna ya kukitambua kitabu kinachofaa, na tutumie chakula kimoja kama kipimo: muthokoi wa Ukambani, kama unavyopikwa Kitui na Makueni. Muthokoi ni mahindi yaliyotolewa ganda la nje, yakachemshwa pamoja na maharagwe, kunde, mbaazi au ndengu. Siku hizi huuzwa katika masoko ya Nairobi na Mombasa na hata katika pakiti kwenye maduka makubwa, na wanaoununua si Wakamba peke yao. Lakini sababu kubwa ya kuuchagua ni kwamba huu ni mlo ambao ukurasa uliopunguka unaweza kumdhuru mpishi na watoto wake. Tutafika hapo.

Jiko la nani?

Swali la kwanza la kukiuliza kitabu chochote cha mapishi ni hili: kiliandikwa kwa jiko la nani? Mwaka wa 1928 wanawake wa Kanisa la St Andrew's mjini Nairobi walitoa kitabu cha mapishi na mwongozo wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Kilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Sababu ya kupendwa haikuwa siri. Kilimjua msomaji wake: mwanamke aliyetoka ng'ambo, aliyejikuta mbali na maduka aliyoyazoea, na aliyetaka kujua afanye nini na vitu vinavyopatikana huku. Kwa msomaji huyo kilikuwa rafiki. Kwa mama wa Mwingi au Kibwezi hakikuwa na neno, kwa maana hakikuandikwa kwa ajili yake.

Kasoro ni kwamba vitabu vingi vilivyofuata viliiga sura ya kile cha kwanza bila kuiga busara yake. Ukifungua kimoja leo dukani utakutana na oveni, krimu na nyama isiyo na mifupa, halafu karibu na mwisho kurasa chache za "vyakula vya kienyeji", zimeandikwa kwa haraka kana kwamba kila mtu anajua tayari. Kijana aliyezaliwa Umoja au Donholm hajui. Hajawahi kuona kinu kikitumika. Kwake yeye githeri, ambayo Wakamba huiita isyo, hutoka kwa mama anayeuza kando ya barabara.

Ni haki kutaja juhudi zilizofanywa. Mwaka wa 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walitoa, kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kitabu kikubwa kinachoitwa Traditional Food Plants of Kenya. Hicho si cha mapishi, ila kinakusanya mimea inayoliwa nchini, na mtu anayetaka kuzijua mboga na matunda ya mwituni ya nyanda kavu kama za Ukambani atakaa nacho siku nzima. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya na Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, walitoa Kenya Food Recipes, kitabu cha vyakula vya kawaida kama vinavyopikwa na jamii mbalimbali, pamoja na viwango vya virutubishi vilivyomo. Kwa kitabu hicho mtaalamu wa lishe anaweza kumwambia mgonjwa wake kuhusu chakula cha nyumbani kwao badala ya chakula kilichopimwa ng'ambo. Ni kazi ya maana sana. Hata hivyo jedwali la virutubishi humfaa zaidi mtaalamu. Mpishi aliyerudi kutoka kazini saa moja jioni, mtoto amemshika sketi, anahitaji pia kitu kingine, nacho ni mkono wa kumwongoza.

Vipimo vilivyomo nyumbani

Mkono huo huanza na vipimo. Kitabu kinachodai gramu 375 kimemfukuza mpishi asiye na mizani, na nyumba nyingi hazina mizani. Kwetu nafaka hununuliwa kwa gorogoro, lile kopo ambalo hukisiwa kuwa na kilo mbili za mahindi. Nasema hukisiwa kwa kuwa kila mnunuzi anajua makopo yaliyobonyezwa chini ili yaingie nafaka kidogo. Nyumbani kipimo ni kikombe, kijiko na ukufi.

Wapo wanaosema kwamba kikombe si kipimo, kwa sababu kikombe cha jirani ni kikubwa kuliko changu. Ni kweli, na jibu lake ni rahisi. Kitabu kizuri hutoa uwiano. Kikisema vikombe viwili vya muthokoi kwa kikombe kimoja cha maharagwe, haidhuru kikombe chako ni kidogo au ni kile cha bati cha nusu lita, mradi utumie hicho hicho mpaka mwisho. Uwiano huo una maana kiafya pia. Protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu moja muhimu iitwayo laisini, ambayo maharagwe na kunde zimejaa. Maharagwe nayo yana upungufu wa sehemu nyingine ambayo mahindi yanayo. Yakiliwa pamoja hufidiana, na mlo usio na nyama hata kidogo huweza kumjenga mtoto. Wazee wa Kitui hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Lakini sasa, maharagwe yakiwa ghali, akina mama wengi hupunguza hadi punje chache zinazoonekana kama mapambo. Ukurasa ukisema tu "maharagwe kiasi", unaruhusu upungufu huo. Ukisema mbili kwa moja na kutaja sababu yake kwa sentensi moja, mpishi atajua anapunguza nini anapopunguza.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka uikumbuke. Vitabu vingi vinavyojiita vya afya huweka afya kwenye dibaji: kurasa 10 za vitamini na madini, zikifuatwa na mapishi yasiyotaja neno hata moja kuhusu hayo. Hakuna anayesoma dibaji huku kitunguu kinaungua. Ushauri wa afya humfikia mpishi ukiwa ndani ya hatua yenyewe, mahali ambapo mkono wake unakaribia kukosea.

Hatua iliyorukwa

Sasa tufungue ukurasa wa muthokoi katika kitabu cha kawaida. Mstari wa kwanza ni: "Osha muthokoi, uloweke usiku kucha." Hapo tayari kitabu kimeruka hatua iliyo kubwa kuliko zote.

Mahindi yaliyovunwa kabla ya kukauka vizuri, au yaliyonyeshewa, au yaliyohifadhiwa mahali penye unyevu, huota ukungu. Mojawapo ya kuvu hizo, iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini. Ikiingia mwilini kwa wingi kwa muda mfupi mtu hutapika, huumwa na tumbo, macho hugeuka manjano, tumbo na miguu hufura, na anaweza kufa katika siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kitui na Makueni zinalijua jina hilo kwa uchungu. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini eneo hilo kwa ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye sumu hii, na 12 wakafa. Mwaka wa 2004 ukaja msiba mkubwa zaidi. Kufikia Julai 20 mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Ni mojawapo ya visa vibaya zaidi vya sumu hii vilivyowahi kuandikwa duniani. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo kilikuwa mahindi ya kienyeji yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na kwamba waliohifadhi mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani walikuwa katika hatari zaidi. Watu waliyaingiza ndani kwa sababu inayoeleweka: njaa ilikuwako, na mahindi ya ghalani yangeweza kuibwa.

Msomaji wa mjini asidhani kwamba hayo ni mambo ya mashambani. Wakati ule ule wa 2004 wataalamu walichukua mahindi na unga kutoka kwa wafanyabiashara wa masoko ya eneo lile, na zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa siku hizo. Nafaka husafiri. Gunia linaloteremshwa sokoni Nairobi halisemi lilikaa wapi wakati wa mvua.

Kuchemsha hakusaidii vya kutosha, na hili ni jambo ambalo wapishi wengi huona gumu kuliamini. Tumefunzwa kwamba moto huua kila kitu. Moto huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutolewa ni kitu kingine. Hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, na maji yako yanachemka kwa nyuzi 100 au pungufu. Waweza kupika tangu asubuhi hadi jioni na sumu ikabaki sufuriani.

Kinachosaidia kimo mikononi mwa mpishi kabla hajawasha moto. Sumu haikutawanyika sawa katika gunia. Aghalabu hukusanyika katika punje chache zilizoharibika. Kwa hiyo mwaga mahindi au muthokoi kwenye uteo, mahali penye mwanga wa kutosha, uyatandaze yawe safu moja. Toa punje zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la kijivu, zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Peta, upepo uondoe vumbi na makapi. Osha, na zile zinazoelea juu ya maji uzitupe. Mahindi yakinuka uvundo, usiyachambue; yarudishe au yatupe yote. Wala usiwape kuku au ng'ombe punje ulizotoa, kwa sababu ng'ombe aliyekula sumu hii huipitisha katika maziwa, na maziwa yatarudi mezani kwako.

Kisha kuna jambo la kupendeza kuhusu muthokoi wenyewe. Watafiti wa Kenya waliopima sumu hiyo katika mahindi kabla na baada ya kukobolewa kwa njia hii ya Kikamba walichapisha matokeo yao mwaka wa 2008. Walikuta kwamba kutoa ganda kulipunguza sumu karibu nusu kwa wastani, ijapokuwa kiasi kilitofautiana sana kutoka mahindi haya hadi yale. Susu aliyekuwa akinyunyiza mahindi maji kidogo, akiyatwanga kinuni na kuyapeta, alikuwa akifanya kazi ya usalama pamoja na kazi ya ulaini. Nusu, lakini, si yote. Mahindi yenye sumu nyingi yakipungukiwa nusu bado ni sumu. Uteo haukwepeki.

Aidha, punje safi kwa macho si hakikisho kamili, kwa maana sumu yenyewe haionekani. Ndiyo sababu ukinunua pakiti utafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya na tarehe, na ukinunua sokoni uingize mkono ndani ya gunia, si juu tu. Nafaka kavu hulia zikigongana na huteleza mkononi. Zenye unyevu hugandamana na huwa na ubaridi. Nyumbani zihifadhi pakavu, ziinuliwe kutoka sakafuni, na usinunue gunia zima ikiwa nyumba yako ya vyumba viwili hupitisha maji ukutani.

Hayo yote yangeweza kuingia katika mistari minane ya kitabu cha mapishi. Ukiona kitabu kinachoiweka mistari hiyo mwanzoni mwa ukurasa wa muthokoi au wa githeri, kinunue hata kama hakina picha.

Muda na moto

Jambo linalowakasirisha wapishi zaidi ni kitabu kinachodanganya kuhusu muda. "Chemsha kwa saa moja hadi yaive," kitabu husema, na saa moja ikipita punje bado zinagonga meno. Muthokoi na maharagwe makavu huchukua saa mbili na kuendelea, na maharagwe yaliyokaa muda mrefu ghalani huchukua zaidi, kwa sababu ganda hugumu kadiri yanavyozeeka. Mwandishi mkweli huandika hivyo, kisha humwambia mpishi wa mjini la kufanya, kwa kuwa gesi na makaa ni pesa.

Kuloweka ndio msaada wa kwanza. Loweka muthokoi na maharagwe usiku, kila kimoja katika chombo chake, na asubuhi umwage maji yale. Muda wa kupika hupungua, gesi ya tumboni hupungua, na baadhi ya vitu vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki huondoka. Maharagwe mekundu yana sababu nyingine: yasipoiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Baada ya kulowekwa angalau saa tano, lazima yachemke kwa nguvu, yakitoa mapovu, kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Anayetumia chombo cha umeme kinachopika polepole ayachemshe kwanza kwa sufuria.

Sufuria ya kupikia kwa mvuke uliofungiwa hupunguza muda sana, na kitabu kinachomjua mkazi wa mjini kitatoa muda wa aina zote mbili. Kitamwambia pia kwamba apike mara moja mwishoni mwa juma, agawanye, aweke kwenye friji au barafuni, kisha akaange kidogo kidogo. Asiye na friji apike cha siku ile, kwa maana maharagwe yaliyolala kwenye joto la Nairobi mwezi wa Februari huchacha kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu magadi, mabishano hayaishi. Wengi huyatia ili nafaka zilainike haraka, na utafiti niliotaja ulionyesha kwamba magadi huchangia pia kupunguza aflatoksini. Hiyo si ruhusa ya kupika mahindi yaliyoota ukungu. Nayo magadi yana gharama yake. Huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini B1, na huongeza sodiamu, ambayo mtu mwenye shinikizo la damu anapaswa kuipunguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha mkate, supu za pakiti na vitunguu vya kukaanga vilivyotiwa viungo vya dukani. Mwenye ugonjwa huo aloweke muda mrefu zaidi na aachane na magadi.

Chumvi itiwe mwishoni. Onja kwanza.

Kilicho kando ya sahani

Muthokoi peke yake, hata ukipikwa vyema, una pengo. Mahindi yakitolewa ganda na sehemu ya kiini hupoteza nyuzinyuzi na baadhi ya vitamini za kundi la B. Maharagwe hurudisha sehemu, mboga hurudisha nyingine. Kitui na Makueni kuna majani ya kunde, mchicha, majani ya maboga. Katakata baada ya kuosha, si kabla, uyatie dakika chache kabla ya kuepua, na usiogope kijiko cha mafuta: rangi ya machungwa iliyojificha ndani ya mboga za kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Mboga iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, maji yake yakamwagwa, imebaki kuwa majani tu.

Madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C huyasaidia. Makueni ni nchi ya maembe na machungwa. Kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi maembe huwa tele hata Nairobi, na embe au chungwa baada ya muthokoi lina kazi zaidi ya utamu. Wakati ambapo hayapo, ndimu iliyokamuliwa juu ya kachumbari hutosha. Chai nayo hufanya kinyume. Sisi Wakenya tunapenda kushushia chakula kwa chai ya maziwa, na chai hiyo huzuia madini ya chuma. Mama mjamzito na msichana anayepata hedhi wangoje saa moja hivi baada ya kula.

Kitabu kinachoandika "andaa kikiwa moto" na kunyamaza hapo kimemwacha mpishi mlangoni. Kinachopendwa humwambia nini kiende na nini. Humwambia pia nani anakula: mtoto aliyepita miezi sita apondewe bila chumvi, mzee asiye na meno apikiwe hadi yapasuke, mwenye kisukari apewe kiasi kidogo cha mahindi na maharagwe mengi zaidi, kwa kuwa maharagwe hupunguza kasi ya sukari kupanda katika damu.

Kadhalika majina. Mpishi wa Kitui huita kunde nthooko na mbaazi nzuu. Ndengu wanayoizungumza Wakenya wote ndiyo pojo au choroko za vitabu vya Kiswahili vya shule, na nimewaona watu sokoni wakizitafuta choroko huku wamesimama mbele ya gunia la ndengu. Kitabu kinachoyaweka majina yote bega kwa bega humfikia mnunuzi na muuzaji. Kinachokubali ukame hupendwa zaidi. Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa, na hizo za Machi mara nyingi hudanganya. Mahindi hukosekana. Ukurasa wa muthokoi unapaswa kusema kwamba mtama uliokobolewa huweza kushika nafasi ya mahindi, na kwamba kunde, mbaazi na ndengu hubadilishana bila kuharibu mlo, ila ndengu huiva upesi, basi zitiwe baadaye.

Kuhusu picha, maoni yangu ni kwamba tunazitukuza kupita kiasi. Picha ya sahani iliyopambwa kwa dania inauza kitabu lakini haimfundishi mtu. Picha yenye faida ni ya punje mbaya kando ya punje nzuri, au ya sufuria katikati ya safari, mpishi aone yake imefika wapi. Wachapishaji wakiwa na pesa za picha moja tu kwa ukurasa, waziweke hapo.

Ukienda dukani, fanya jaribio hili bila haya, hata kama muuzaji anakutazama. Tafuta ukurasa wa maharagwe au githeri. Angalia kama umetaja kuchambua, kuloweka, kumwaga maji, na muda wa kweli. Angalia kama vipimo vyake vimo jikoni kwako. Soma orodha ya mahitaji na uhesabu vitu ambavyo ungelazimika kuvisafiria. Vikizidi viwili, kirudishe rafuni.

Na ikiwa hakuna kinachofaulu, kipo kimoja ambacho hakiuzwi. Ukienda nyumbani Desemba, iwe ni Mutomo, Wote au kwingineko, beba daftari na kikombe kimoja. Mwombe mwaitu akuruhusu umwagie kila kitu ndani ya kikombe hicho kabla hajakitia sufuriani. Atalalamika kwamba unamchelewesha. Andika alichokitoa kwenye uteo na sababu aliyoitoa, muda alioanza na muda alioepua, namna alivyojua kwamba yameiva. Andika mstari mmoja, uache mmoja wazi. Jiko lako la gesi litakuwa na maoni yake, na utahitaji nafasi ya kuyaandika.